Mzee Jumlisha na Tani Zilizopotea

Jina la Mzee Jumlisha alilibuni bosi wetu, kwa kejeli. Ofisini kwetu tunachora malango ya chuma ya kuzuia maji. Mtu mmoja hupiga hesabu ya jinsi maji yanavyotiririka na kulisukuma lango, sehemu kwa sehemu. Mwingine huichukua misukumo hiyo, huipandisha juu ya mchoro wa chuma kwenye kompyuta, na programu humwonyesha kwa rangi mahali chuma kitakapoumia. Buluu ni salama, nyekundu ni balaa. Kazi hii ya pili Mzee aliifanya miaka ishirini na sita, na rangi hakuziamini hata siku moja. Alichukua penseli, akajumlisha nguvu yote ya maji, akajumlisha nguvu yote iliyofika kwenye nguzo zinazolishika lango, kisha akaziweka namba mbili ubavu kwa ubavu. Zisipolingana, kuna maji yamepotea njiani.

"Na maji hayapotei," alisema. "Yanakuvizia tu."

Alikuwa mkorofi, tusidanganyane. Aliwahi kumrushia mhandisi kikombe kwa kuandika "takriban". Mimi aliniita mvivu mbele za watu, nikamchukia, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliyemlainisha ni mmoja tu, bintiye, fundi wa kuchomelea, aliyekuja kila mchana na ovaroli yenye matundu ya cheche ili wale pamoja. Mkewe alikuwa amefariki; huyo binti ndiye dunia yake yote.

Mgongo ulipomlaza Mzee miezi minne, lango la mfereji mkuu likaniangukia mimi. Mwenzangu wa mtiririko alikuwa amepimia kila kitu kutoka katikati ya mfereji. Mimi chuma nilikipimia kutoka kona ya kushoto. Nilipoileta misukumo yake, nusu ikaangukia nje ya lango, hewani. Programu haikulalamika; mahali isipopata namba, iliweka sifuri. Upande wa kulia wote ukawa buluu. Nikafurahi kama mpumbavu, nikapunguza mbavu za chuma nyuma ya lango kutoka sita hadi tatu. Kikaoni bosi alinipigia makofi.

Mzee alirudi asubuhi ya majaribio ya lango, akitembelea fimbo. Salamu hakuimaliza.

"Ulijumlisha?"

"Ndiyo, Mzee."

"Karatasi iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani."

Akanisukuma nikatoka kitini, akakaa yeye, akafungua faili, akatoa penseli. Ilimchukua dakika kumi. Maji, tani tisini na sita. Nguzo, arobaini na nane.

Fimbo ilinipata mdomoni. Nikatema jino juu ya kibodi. Ya pili ikanivunja mfupa wa bega, ya tatu ikanikuta nimeshaanguka, mgongoni.

"Mwanangu yuko nyuma ya hilo lango!"

Bintiye ndiye aliyezichomelea zile mbavu tatu, na siku hiyo alikuwa kwenye kidaraja nyuma ya lango, akikagua kama linavuja. Tukampigia simu, ikaita bila kupokelewa. Bosi naye hakupokea. Nikaendesha gari kwa mkono mmoja, damu ikinijaa kinywani, Mzee akipiga dashibodi ngumi na kunitukania ukoo mzima.

Tulikuta maji yamepanda robo tatu. Bosi alikuwa amesimama kwenye vali ya kuingizia maji na wageni wake.

"Funga!" Mzee akafoka.

"Mzee, usituaibishe hapa."

Mzee akampiga kichwa cha pua, akamruka, akateremka kidarajani bila fimbo. Mimi nikaishika vali, nikaizungusha, lakini tulishachelewa. Bolti zilianza kuruka kama bisi sufuriani. Upande wa kulia, ule uliokuwa buluu tupu, ukavimba, ukapasuka. Mzee akamkamata bintiye ukosi, akamtupa ukingoni. Ubavu mmoja wa chuma ukachomoka na kumkata mkono wa kulia kwenye kiwiko, palepale nikiona, kisha maji yakambamiza kwenye vyuma vya uzio. Bintiye akamvuta kwa mkanda wa suruali, akipiga mayowe. Bosi alipigwa na kipande cha chuma kilichoruka, akavunjika mbavu tatu, hesabu ileile niliyoipunguza mimi.

Wachunguzi walipomuuliza Mzee, alijibu, "Ofisi haikujumlisha." Jina langu hakulitaja.

Nilipokwenda kumjulia hali hospitalini, bintiye akanishika mkono.

"Kaka, usingemleta baba na gari, saa hizi mimi ni maiti. Ahsante sana."

Nikamtazama Mzee. Alikuwa na penseli katika mkono wa kushoto, akihangaika kuandika tisa. Nikamweleza binti yote: kona, sifuri, mbavu.

"Baba alikuuliza kama umejumlisha?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

Akaichukua fimbo ya baba yake pembeni ya kitanda. Ya kwanza ikanipata shavuni, ya pili kwenye bega lile lile lililovunjika. Ya tatu ilinipigisha magoti. Sikujikinga. Alipoinyanyua tena, Mzee akasema taratibu:

"Inatosha, mama. Zangu tatu, zako tatu. Zimelingana."

Binti akaitupa fimbo, akalia. Macho yetu sote watatu yalikuwa kwenye ile bendeji iliyoishia kiwikoni. Ule mkono hakuna aliyekuwa ameujumlisha.