Mlinda Mkojo wa Mabondia

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na mbili. La, nadanganya, kumi na tatu, maana dada yangu na mumewe walikuwa wameshahamia ile nyumba inayovuja. Huyo mumewe, shemeji yangu, tulimwita Kivuli. Kazi yake ilikuwa kumfuata bondia kutoka ulingoni hadi chooni, amtazame akikojoa kwenye kikombe, kisha mkojo ufungwe kwenye chupa mbili zisizofunguka mpaka maabara, ukapimwe dawa za kuongeza nguvu.

"Wenzangu wameolewa na makarani," dada alimtania, "mimi na mchungulia wanaume!"

Kivuli alicheka tu. Mtu mpole, ila mdomo hauna breki.

Usiku mmoja wa pambano la mkanda, bingwa alikuwa amempasua mwenzake taya, meno yakabaki ulingoni. Akaingia kupimwa huku anapiga mluzi.

"Chungulia vizuri, mzee, usije ukaota."

Chupa zilipofungwa, shemeji akaona amchangamshe kwa maongezi.

"Siku hizi watu wa maabara wamekuwa wajanja, mwanangu. Hawaitafuti ile sindano ya misuli yenyewe, hiyo inaisha. Wanatafuta mabaki yake. Mwili ukishaisaga dawa, mabaki yanatoka kwenye mkojo miezi na miezi."

Mluzi ukakatika.

"Kocha kaniambia wiki tatu zinatosha."

"Kocha wako kasoma zamani."

"Lete hizo chupa."

"Hizi si zako tena, mwanangu. Wala si zangu."

Ngumi ya kwanza ilimvunja pua. Shemeji akaanguka juu ya chupa, akazikumbatia tumboni. Yule akampiga mateke ya mbavu, zikalia. Akamkamata kisogo, akambamiza uso kwenye vigae, tena na tena, jicho la kushoto likapasuka.

"Haya, kojoa damu, tuone kama nayo wataipima!"

Aliacha alipochoka mwenyewe. Chupa zilikuwa bado mikononi mwa shemeji, nzima.

Maabara iliyakuta mabaki. Bingwa akanyang'anywa mkanda, magazeti yakaisifu mashine. Shemeji hakurudi kazini. Kazi ya kutazama watu inataka macho.

Wakubwa watatu wa chama cha ngumi walikuja hospitali na maua. Usiku wa pambano walikuwa chumba cha jirani na kile choo, wanakunywa soda. Nikawauliza kwa adabu: ukuta wenyewe ule wa mbao, wazee wangu, mlikuwa mnasikia nini?