Kichaka Kilichozaliwa Mezani

Kuna nyumba ambayo kazi yake yote ni kutunza majani makavu, na watu wakiambiwa hivyo hudhani wanataniwa. Mke wa Gundi, mbandikaji wa nyumba hiyo, alipoposwa na kijana aliyesema anabandika mimea kwenye karatasi, aliuliza kwa adabu kama kuna kazi nyingine anayoifanya siku ambazo si za mchezo. Miaka thelathini na mbili imepita, wana watoto wanne na wajukuu watatu, na bado hajajibiwa vizuri.

Gundi si jina alilopewa na mama yake. Alilipata kazini, kwa sababu ncha za vidole vyake vya mkono wa kulia zina utando mweupe usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia miguu. Hufanya kazi kwenye chumba kirefu chenye makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, kinachonuka dawa ya kuua wadudu. Ndani ya makabati hayo kuna maelfu ya karatasi ngumu zilizopangwa kwa familia na jenasi, kila mmea na ndugu zake. Mmea ukitoka porini huwa umebanwa katikati ya magazeti ya zamani hadi ukawa bapa. Gundi huulaza juu ya karatasi ngumu, jani moja akaligeuza ili mtaalamu aone pande zote mbili, akapaka gundi, shina nene akalishona kwa uzi, kisha pembeni akabandika lebo inayosema mmea ulichumwa wapi, lini na nani. Vilivyodondoka, yaani maua, mbegu au matunda, huvitia kwenye kibahasha anachokikunja mwenyewe na kukibandika kwenye karatasi ileile.

Hapo kwenye kibahasha pana sheria ambayo wabandikaji hufundishwa kabla hata ya kushika brashi. Kitu kilichodondoka, kama huna hakika kimetoka mmea gani, usikirudishe kwa kukisia. Kitie kwenye kibahasha cha peke yake na uandike juu: asili haijulikani. Gundi aliwafundisha sheria hiyo wabandikaji watano. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyaandika maneno hayo hata mara moja, na alijivunia hilo, maana kwake yalikuwa sawa na kutia sahihi kwamba wewe ni mzembe.

Kichaka kilichomtia matatani kinaitwa mlegeza. Huota kwenye vilima vikavu ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili, kimo chake kiunoni, matawi ya kijivu, majani madogo yanayojikunja jua likiwa kali. Mizizi yake huchemshwa, na maji yake hunywewa na watu wenye viungo vilivyokaza. Wachimbaji wanajua kuna mlegeza jike na mlegeza dume. Jike ndiyo dawa; ukinywa dume utaendesha siku mbili na kujuta ya tatu. Wao huitambua kwa kutafuna ganda la mzizi: la jike huanza na uchungu likamalizia na utamu, la dume huunguza ulimi. Wataalamu, ambao hawaamini ndimi za watu, hutazama jani na tunda. Jani la jike lina manyoya mororo upande wa chini, na tunda lake linateleza na lina vyumba vitatu. Jani la dume halina manyoya kokote, ila tunda lake lina nywele ngumu na vyumba vinne. Vitabuni ni spishi mbili za jenasi moja, kama mtu na binamu yake.

Habari za jike na dume Gundi alizijua kabla ya kuajiriwa, kwa sababu dada yake alikuwa mchimbaji. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea, na mizizi ya mlegeza ndiyo iliyomsomesha. Mpaka leo dada humwita mdogo wangu, ingawa mdogo mwenyewe ana mvi hadi kwenye nyusi.

Miaka sita iliyopita Daktari alirudi kutoka vilimani na mafungu mawili ya mlegeza, moja jike, moja dume. Daktari huyo ni mama wa makamo, daktari wa mimea, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hawezi kumtibu hata kuku. Gundi aliyafungua mafungu yote mawili kwenye meza moja, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, lakini mzoefu huwa na njia zake. Siku hiyo kulikuwa na joto. Alifungua dirisha, upepo ukaingia bila hodi, magazeti yakapepea, na matunda kumi na moja yakatawanyika mezani, mengine yakaenda chini ya kiti.

Aliyaokota yote. Yalikuwa makavu, yamejaa vumbi, mengine yamepasuka, na miwani yake ya kusomea alikuwa ameisahau nyumbani. Kalamu ilikuwa pale pale. Kulikuwa na kibahasha kitupu pale pale. Angeandika maneno mawili tu, asili haijulikani, akaenda zake kula. Badala yake aliyagawa kwa kukisia, sita huku, matano kule, akafunga vibahasha na kuvibandika vizuri sana, pembe zikiwa zimenyooka.

Baada ya miezi mitatu Daktari alimwita mbio mbio. Alikuwa ameinamia hadubini, na alipoinua uso alikuwa anacheka peke yake.

"Gundi, njoo uone. Majani ya jike, tunda la dume. Hii si jike wala dume. Hii ni spishi ya tatu, haijaandikwa popote."

Gundi aliinama akatazama. Aliona manyoya ya jani, akaona nywele ngumu za tunda, akaona pia meza yake, upepo na matunda yakibingirika. Kuusema ukweli ilikuwa kazi ya sentensi moja.

"Hongera, daktari," akasema.

Alijidanganya kwamba Daktari ataigundua kasoro mwenyewe baada ya siku mbili tatu. Daktari hakuigundua, kwa sababu alimwamini mbandikaji wake kuliko macho yake. Alipanda vile vilima misimu mitano ya kiangazi akikitafuta kichaka cha tatu. Msimu wa pili aliteleza akaumia goti, msimu wa tatu akapanda na fimbo. Kila aliporudi mikono mitupu, Gundi alimpokea begi, akamchemshia chai, akamuuliza habari za safari. Hatia ni mgeni asiyeaga. Gundi alizeeka naye mezani pake.

Baada ya msimu wa pili likaja kubwa zaidi. Daktari aliandika ripoti kwamba spishi hiyo ni adimu mno, huenda inamalizwa na uchimbaji wa mizizi. Wakubwa wa misitu waliisoma, wakapigilia vibao kuzunguka vilima vyote: ni marufuku kuchimba. Wiki ileile dada yake alikuja nyumbani kwa Gundi, akakaa kwenye ukingo wa kiti na jembe lake fupi mapajani.

"Mdogo wangu, wewe unakaa na hao wataalamu. Hicho kichaka cha tatu kipo kweli? Mimi nimechimba pale tangu sijaota matiti, sijakiona."

Gundi aliangalia vidole vyake.

"Kipo, dada. Wana hakika."

Dada hakuuliza tena. Mwaka huo alianza kufua nguo za watu, na miaka minne sasa bado anafua.

Sasa Gundi alibakiza wiki mbili astaafu. Asubuhi ya Jumanne, Daktari alimwekea karatasi juu ya meza, akasimama pembeni kama mtoto aliyeleta zawadi. Ilikuwa maelezo kamili ya spishi mpya, tayari kutumwa kuchapishwa siku ya Ijumaa, na juu kabisa palikuwa na jina la Kilatini la kichaka. Neno la kwanza lilikuwa la jenasi. La pili lilikuwa jina la Gundi mwenyewe, lile alilopewa na mama yake, limeongezwa mkia wa Kilatini.

"Miaka thelathini na mitatu umetubandikia majina ya watu," Daktari alisema. "Nikaona zamu yako ifike."

Nyumbani mkewe alipopata habari alicheka mpaka akashika mlango. "Mimi nimelibeba jina hilo miaka yote hii sikupewa hata jani moja, wewe unapewa kichaka kizima!" Kisha akawapigia simu watoto wote wanne. Gundi alilisikia jina lake likipita kwenye simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilionea aibu. Angeweza kuishi na uongo uliofichwa kabatini, alikwisha kuishi nao. Lakini huu ulikuwa unakwenda duniani umevaa jina alilopewa na mama yake, na ukishachapishwa vile vibao havitang'oka tena.

Jumatano alifika kazini kabla ya wote. Daktari alipoingia alimkuta amesimama katikati ya ofisi yake, kofia mkononi.

"Daktari, kichaka cha tatu hakipo," akasema. "Nilikitengeneza mimi."

Akaeleza yote, upepo, miwani, matunda kumi na moja. Akaeleza habari za dada yake pia, ambazo hakuwahi kuzitamka katika jengo lile. Alipomaliza, Daktari alikwenda kabatini akaitoa ile karatasi ya jike, na ya dume iliyobandikwa siku ileile, akavifungua vibahasha vyote viwili chini ya taa. Katika kibahasha cha jike matunda manne yalikuwa na nywele ngumu na moja lilikuwa linateleza. Katika cha dume mlikuwa na mawili yanayoteleza. Miaka sita hakuna aliyefikiri kukifungua cha dume, maana nani anachunguza mmea unaojulikana?

Daktari alikaa chini polepole, akaanza kulisugua goti lake bila kujijua.

"Misimu mitano, Gundi," akasema. "Na chai ulikuwa unanichemshia."

"Ndiyo, daktari."

"Ungenitukana ingekuwa nafuu."

Gundi alitamani afokewe, lakini Daktari hakufoka, na hilo ndilo lililomwangusha kabisa. Daktari alivuta droo. Katika kazi yao lebo ya zamani haibanduliwi hata ikiwa ya uongo. Huongezwa karatasi ndogo ya masahihisho juu yake, na anayesahihisha huandika jina lake na tarehe ili watakaokuja wajue nani alisema nini. Daktari alimsogezea karatasi hiyo na kalamu.

"Andika wewe."

Gundi akaandika: majani ni ya jike, matunda mengi ni ya dume, yalichanganywa mezani wakati wa kubandika. Chini akaandika jina lake kamili. Akapaka gundi, akabandika, akabonyeza pembe nne kwa kidole gumba kama alivyozoea.

"Barua ya kuomba vile vibao ving'olewe nitaiandika leo, na nitakiri kwamba nilikosea," Daktari akasema bila kumtazama. "Dada yako mwambie mwenyewe. Usinitume."

Gundi alimkuta dada yake uani, ameinamia beseni, mikono imevimba kwa maji ya sabuni. Gundi alikataa kiti. Alisema yote akiwa wima, na safari hii yalitoka haraka, kwa sababu alikwisha kuyasema mara moja. Alisema vilima vitafunguliwa. Dada aliendelea kukamua shuka mpaka haikutoa hata tone, akaitundika, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Siku ile nilipokuja kwako na jembe," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada."

Dada alitikisa kichwa kidogo, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Wale wachimbaji wenzangu walitaka kwenda kupinga vile vibao. Walikuwa wameshajipanga. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia, mdogo wangu anakaa na wataalamu na mimi ndiye niliyemlea, hawezi kunidanganya. Wakanisikiliza, wakarudi majumbani kwao."

Gundi alikuja amebeba kosa moja, na alikuwa amelipima, akajua uzito wake. Hili la pili hakulijua kabisa.

"Nisamehe, dada."

"Hilo tutaliongea siku nyingine." Dada akachukua mtandio wake kwenye kamba na kujifunga kichwani. "Sasa hivi tunakwenda kwao, mlango kwa mlango. Mimi nitapiga hodi, wewe utasema. Usianze na habari za upepo. Anza na siku niliyokuuliza."

"Wako wangapi?"

"Kumi na wanne," dada akasema, akifungua mlango wa ua. "Mmoja alifariki mwaka jana. Kwake utamwambia bintiye."