Harufu ya Matango Mwezi wa Novemba

Ozella Mims hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Mwenye mdomo ni mimi, binamu yake na jirani yake ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo mumewe Rufus alipomkatakata kwa jembe yule nyoka mweusi wa ghalani, aliyesikika mpaka mtoni nilikuwa mimi.

Nyoka yule mwenye pete nyeupe aliishi chini ya ghala la mahindi. Ozella hakumfuga, alimwacha tu ajikalie. Alikula panya, tena alikula hata nyoka wa njuga, wale wenye sumu wanaolia kwa mkia. Huku kwetu kusini mwa Georgia kila mwenye shamba anajua hilo, isipokuwa Rufus. Yeye hata kamba ya kiatu ikimpitia mguuni huona jeneza.

"Nyoka ni nyoka," alisema, akifuta jembe kwenye nyasi.

"Haya, bwana," Ozella akajibu. Akamzika nyoka nyuma ya ghala, akaingia ndani kupika. Kwa mimi ninayemjua, "haya" ile ilikuwa nzito.

Majani yalipoanza kupukutika, panya walishazaana hadi wakawa wanatembea mchana kweupe kama wapangaji waliolipa kodi. Bundi wa ghalani alijitahidi, lakini peke yake angefanya nini? Tukachimba viazi vitamu, tukavirundika uani kama tulivyofundishwa na mama zetu: majani makavu ya misonobari, viazi, majani tena, kisha udongo juu, na tundu dogo la kuingizia mkono upande wa jua. Tundu hilo huzibwa kwa ubao na kushindiliwa udongo. Rufus aliegesha ubao tu, akaenda zake. Panya wakaingia, na anayewafuata panya hangoji kualikwa.

Asubuhi moja ya Novemba, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, Rufus alipiga magoti akaingiza mkono hadi begani. Mimi nilishika beseni.

"Hawa panya wamenimalizia viazi vya mbele vyote," alinung'unika.

Ozella akatoka jikoni. Akasimama ghafla, akanusa.

"Rufus. Usiutikise huo mkono."

"Kuna nini tena?"

"Nasikia harufu ya matango."

Tango la mwisho tulilila Agosti. Wazee wetu walituambia: ukisikia harufu ya matango pasipo na matango, hapo pana nyoka. Rufus akabadilika rangi, akawa kama jivu.

"Zella, mke wangu," alinong'ona. "Kuna kitu cha baridi kiko juu ya kiwiko changu. Kinasogea."

"Kiache kisogee."

"Kitaniuma!"

"Kikikuuma nitakuuguza. Ukijitikisa nitakuzika. Chagua."

Jua lilikuwa linapanda, likilipiga rundo sawasawa, na udongo ukipata joto, yule mle ndani angeamka. Ozella alinyakua blanketi kwenye kamba ya nguo akanirushia.

"Likingie rundo jua. Na huo mdomo, leo ufunge."

Nikaufunga. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, kwa kuwa ubishi wangu wote na Rufus haukunifanya nitake kumzika. Ozella akazunguka nyuma ya rundo, akaufukua udongo kwa vidole, akawa anatoa kiazi kimoja kimoja kama anayetoa mayai chini ya kuku anayeatamia. Rufus alifumba macho. Machozi yalimtiririka na hakuthubutu kuyafuta.

Kisha njuga ikalia, kidogo tu, kivivu.

Ozella akanyakua jembe lililokuwa kando ya rundo, akaliingiza, akavuta kwa nguvu, na yule nyoka akaangukia kwenye sakitu. Pigo moja likamtenga na kichwa chake.

"Haya, toa mkono."

Rufus akautoa. Alikuwa bado ameshika kiazi.

"Sema basi," alimwambia mkewe. "Sema nilikukosea."

"Rudisha ubao, Rufus," alisema Ozella, akakichukua kile kiazi akarudi jikoni.

Majira ya kupanda mahindi yalipofika, nilimwona Rufus akitoka kinamasini na gunia la unga, amelishika mbali na mwili, jasho likimtoka. Akalifungulia mdomo chini ya ghala. Nyoka mwingine mweusi mwenye pete nyeupe akatoka polepole, akaingia kivulini.

"Karibu nyumbani," Rufus alimwambia, kisha akaenda kutapika kando ya ua.

Ozella alikuwa dirishani. Siku hiyo ndiyo pekee niliyomsikia akilia kwa sauti.