Mtani wa Mama Ester

Balbina nimemtukana miaka kumi na tisa, naye amenitukana miaka hiyohiyo, na hakuna siku hata moja ambayo mmoja wetu alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi ni Mngoni, yeye ni Mpogoro. Ni watani. Nikifika kwake asubuhi na bajaji yangu kuchukua wageni, siulizi habari za asubuhi. Nasema, "Mpogoro, bado hujafa tu?" Naye anatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nife nimwachie nani chakula, wewe mwenye njaa ya kudumu? Babu zako walikuja huku na mikuki, wewe umeishia na bajaji yenye kiti kilichochanika!" Basi siku imeanza. Sharti la utani ni moja tu: hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka kuanzia Lipangalala mpaka Kibaoni.

Mnaomwona leo na gesti yake msidhani aliiokota. Alishuka Ifakara msichana, kutoka milima ya Mahenge, na mfuko mmoja wa nguo. Aliuza vitumbua stendi, akikimbilia mabasi yanayotoka Kidatu na kugonga madirisha kabla dereva hajazima injini. Hapohapo stendi akampata Maximilian, Mndamba wa mtoni, mwanamume mpole mwenye kikohozi kisichoisha, ambaye kila siku alinunua vitumbua vitatu na kula viwili ili apate sababu ya kurudi na kile cha tatu kulalamika kuwa ni kibichi. Wakaoana, wakamzaa Ester, wakajenga chumba kimoja Lipangalala. Chumba wakampangisha mwalimu, wenyewe wakalala jikoni. Kisha cha pili. Leo viko sita, na ukutani pameandikwa kwa rangi ya bluu: CHUMBA NA CHAI.

Watu walimcheka kwa hiyo chai. Gesti gani inalisha watu? Gesti za mjini hukupa sabuni ndogo na kandambili za mguu mmoja, na asubuhi unagongewa utoke. Balbina alisema mtu halali kwake akaondoka na tumbo tupu, kwa kuwa yeye alishalala jikoni kwake mwenyewe na anajua njaa inavyonusa chakula cha wengine. Akawa anaamka na kupika: vitumbua vya mchele mpya, samaki wa Max wa kukaanga, chai ya maziwa aliyoletewa na Mashimba, Msukuma anayechunga bondeni. Vilikuwa vitumbua vizuri kuliko vyote nilivyowahi kula. Mbele yake nilisema vinafaa kuzibia mashimo ya barabara.

Kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wake. Mvua zikikatika na mpunga ukishavunwa, bonde linakauka, mto unarudi kwenye njia yake, na wageni wanaanza: walimu walio likizo, watu wa utafiti, vijana wa Dar wanaotaka picha. Balbina aliwapangia matembezi. Siku moja mashambani kuona wanavyopepeta mpunga, siku nyingine kwenye kambi za wavuvi, na ile kubwa kuliko zote, kwenda na mtumbwi kuangalia viboko. Mimi nilibeba watu kwa bajaji mpaka Kivukoni, Max akawapokea na mtumbwi.

Balbina mwenyewe hajawahi kupanda mtumbwi. Anaogopa maji, mtoto wa mlimani yule. Kila tukienda mtoni, alishika ufagio akafagia pale getini, na akafagia tena, mpaka aone Max anarudi. Mimi mtani wake niliuona ule ufagio, na mtani akishaona panapouma ndipo anapobonyeza.

Ndiyo nikabuni mzaha wangu. Kiangazi kimoja nilimshusha Max kwenye kona, nikafika getini peke yangu na uso umenishuka. Nikasema, "Mama Ester, kaa chini. Max kachukuliwa na kiboko." Alianguka pale kwenye vumbi, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Majirani wakatoka mbio. Na Max huyoo, anakuja na samaki begani, anacheka mpaka anakohoa. Balbina alituchapa sote wawili kwa ufagio, kisha akaanza kucheka na yeye, machozi bado yanatiririka. Akaninyooshea kidole. "Leo umenipata, Mngoni. Hutanipata tena mpaka naingia kaburini."

Na kweli sikumpata. Nilijaribu kila kiangazi. Nilijaribu kwa machozi ya vitunguu. Nilijaribu kwa kuapa haki ya Mungu. Nikajifunza sauti ya Max, ile ya puani yenye kikohozi katikati, nikawa nampigia simu: "Mama Ester, njoo, nakufa." Sauti niliipata kabisa, hata Max mwenyewe alishangaa. Balbina akajibu, "Kufa, nguo zako zitamtosha mwingine," na jikoni wanawake wakavunjika mbavu. Ikawa ndiyo fahari yake. Wageni walisimuliwa mezani, pamoja na chai: kuna Mngoni mmoja hapa miaka yote anataka kuniliza, na haniwezi.

Sasa nawaambia ya mwaka jana, mwezi wa nane.

Mgeni alikuwa mwalimu Rosemery, kutoka Mbeya, chumba namba tatu. Tuliondoka asubuhi mapema, Balbina akatufungia vitumbua kwenye kitambaa. Getini nikamwambia Max kwa sauti ili mkewe asikie, "Muage vizuri, leo hurudi." Balbina akafyonza. "Mpeleke huko, nimechoka na kikohozi chake."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Balbina kumwambia mumewe ana kwa ana, na mimi ndiye niliyeyachokoza.

Maji yalikuwa machache na viboko walikuwa wamejazana. Max alijua pa kupita, alizaliwa kwenye mto ule. Mimi nilibaki ukingoni na bajaji. Niliona mtumbwi unainuka upande mmoja, taratibu kabisa, kisha nikaona tumbo la mtumbwi limeelekea juu. Rosemery alitupwa kwenye mchanga na kuvunjika mkono. Max alibaki majini. Mashimba, aliyekuwa ananywesha ng'ombe wake chini kidogo, aliingia na fimbo yake, akapiga kelele na kupiga maji mpaka yule mnyama akaachia, akamvuta Max nje. Paja lilikuwa limefunguka mpaka mfupa, na tumbo pia. Tukamfunga kwa shuka la Mashimba, tukampakia na Rosemery, nikaendesha ile bajaji huku nalia kwa sauti mimi mtu mzima.

Hospitalini daktari alimwangalia, kisha akanivuta pembeni. "Ana mke?" Nikasema anaye. "Mwite sasa hivi. Asikawie."

Kutoka kwa Balbina mpaka pale ni dakika kumi kwa bodaboda. Nikapiga simu.

"Mama Ester, njoo hospitali. Max kang'atwa na kiboko."

Nikasikia vikombe, nikasikia wageni wanaongea. Balbina akasema, "Kiboko wako amechelewa mwaka huu. Nilidhani umesahau." Na akawageukia wageni: "Ndiye yule Mngoni niliyewaambia!" Akaweka spika. Na mimi simu yangu mbovu, spika yake haizimiki tangu ilipoanguka. Wodi nzima ilisikia watu wanacheka.

"Haki ya Mungu, Balbina!"

"Hiyo haki ya Mungu ya mwaka gani?"

Nikalia. Akasema leo vitunguu ni vikali. Ndipo nikafanya upumbavu ambao sitajisamehe: nikakasirika. Nikamtukana tusi zito la nguoni, kwa hasira ya kweli, nikamwambia ni mchawi, mumewe anakufa na yeye anachekacheka. Nilimtukana nikitaka aamini. Loo! Miaka kumi na tisa matusi ndiyo salamu zetu, leo yangemwambia nini jipya? Alicheka mpaka akakosa pumzi, akakata.

Max alikuwa amenishika mkono. Nilitaka nikawashe bajaji nikamlete kwa nguvu, lakini kila nikijivuta alinikaza. Akasema, "Nipe mimi." Nikapiga tena, nikamwekea simu mdomoni.

"Mama Ester," akasema. Akakohoa. "Mama Ester, njoo. Njoo mara moja."

Vikombe vikaacha kugongana upande wa pili. Nikasema moyoni, ameielewa, Mungu mkubwa. Kisha Balbina akasema, "Hee! Mngoni, leo sauti umeipatia. Mpaka kikohozi! Ila unyonge umezidisha, mume wangu hajawahi kuniomba hivyo." Na wale wageni wake wakapiga makofi. Walipiga makofi, jamani.

Max aliyasikia makofi yale. Aliniangalia mimi, hakuiangalia simu. Sikuona hasira. Afadhali ningeona hasira. Akasema, "Mwache acheke," akafumba macho, na mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

Rosemery ndiye aliyempata Balbina. Alitoka kufungwa mkono, akaniona nimekaa sakafuni, akachukua simu yangu na kusema maneno machache tu: "Mama, ni mwalimu wa chumba namba tatu. Ni kweli." Mgeni aliyekaa siku nne aliaminiwa mara moja. Balbina alifika na aproni, na unga wa mchele mikononi. Max alikuwa ameshafunikwa.

Hakunipiga. Hakunitukana. Alipita pembeni yangu.

Sasa kwetu msiba bila watani haukamiliki. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamuigiza, anadai kuku, anawachekesha wafiwa ili waweze kula. Ni kazi, na ni heshima. Siku mbili nilikaa nyuma ya wanaume wote, nimejikunja. Wazee walianza kunong'ona: mbona Mngoni yupo na hatusikii kitu? Wengi hawakujua habari za simu. Waliojua hawakuniangalia.

Siku ya tatu, baada ya kuzika, Balbina alitoka ndani. Mkononi alikuwa na shati la mtoni la Max, lile la kijani lisilo na kifungo cha juu, na kofia yake. Ester akamshika mkono, "Mama, acha." Balbina akajinasua. Akaja mpaka kwangu, akanitupia mapajani.

"Mngoni. Fanya kazi yako."

Nikasema, "Mama Ester, nakuomba."

"Mtani haombi. Vaa."

Nikavaa. Lilinuka samaki na moshi. Nikasimama, nikatembea mwendo wa Max, mabega mbele. Mtu akacheka. Nikakohoa kikohozi chake, nikaomba vitumbua vitatu, nikasema hiki cha tatu ni kibichi, na uwanja mzima ukacheka, hata Mashimba, hata Ester akicheka na kulia kwa pamoja. Ndivyo inavyotakiwa. Nikadhani nimemaliza.

"Bado," akasema Balbina. "Sema ulichoniambia kwenye simu. Kwa sauti ileile."

Waliojua waliinamisha vichwa. Wasiojua walikuwa bado wanatabasamu, wanasubiri. Nilimwangalia nikitafuta huruma mahali popote usoni mwake. Ebo! Huruma ya nini, na mimi nilimwonea huruma lini?

"Mama Ester," nikasema. Nikakohoa. "Mama Ester, njoo. Njoo mara moja."

Watu wakacheka. Balbina akajifunga khanga vizuri, haraka, kama mtu anayetoka. Akanijia. Akanishika shati pale kifuani, akaniangalia uso wote, kidevu, macho, na akasubiri. Nilidhani atasema, "Nakuja." Nadhani na yeye alidhani hivyo.

"Hapana," akasema. "Leo hujaipatia."

Akaingia ndani. Baadaye alimtuma Ester aniletee kuku wangu, jogoo mweupe, miguu imefungwa, kama ada inavyosema. Nilimpokea.

Gesti bado ipo. Kiangazi hiki wageni wamekuja, wanapelekwa mashambani na kwenye kambi za wavuvi, mtoni hapana. Ni mimi ninayewabeba, hakuniondoa kazini. Vitumbua ni vilevile. Ila kila asubuhi nikifika getini anaweka mwiko chini, anafuta mikono, anainamisha kichwa mbele ya wageni. Mimi ni mdogo wake kwa miaka minne.

"Shikamoo, kaka Gasper," anasema.

Siku za kwanza nilimwambia, "Nitukane, Mpogoro, nitukane hata kidogo." Alisimama tu na kichwa chake chini akisubiri kuitikiwa, na wageni wanatazama, na chai inapoa.

Kwa hiyo siku hizi naitikia marahaba, napakia watu, naondoka.