Maneno Aliyokuwa Nayo Mwanangu

Mwanangu alianza na maji. Kwa bibi yake aliomba medi, kwangu aliomba maji, na hakuchanganya hata siku moja. Alikuwa hajafikisha mwaka na nusu, meno yenyewe ya kuhesabu, lakini alishajua nani anaongea nini. Mama yangu akiingia uani na ndoo kichwani, mtoto anamkimbilia: medi, medi! Nikitokea mimi nyuma na dumu: maji! Mama alikuwa akicheka mpaka ndoo inayumba. "Huyu mume wangu ana akili kuliko nyie wote," alisema kwa Chimakonde, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na utani huo hauna likizo.

Wakati huo tulikuwa Kitangari, juu mlimani. Mimba ya kwanza mtu huenda kuzaa kwa mama yake, kwa hiyo nilipanda kutoka Masasi na tumbo langu nikidhani arobaini ikipita nitarudi. Nikakaa zaidi. Mume wangu ni fundi wa mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na msimu wa dawa ukianza hata kula anasahau, basi hakuona haja ya kunihimiza. Yeye ni Myao wa mjini, Chimakonde anajua salamu tu, na hizo nazo anaziharibu. Mimi na yeye tunaongea Kiswahili. Mtoto akakulia humo humo, lugha ya bibi uani, lugha ya mama chumbani, ya baba kwenye simu. Nilikuwa naringa. Wanawake wenzangu foleni ya maji walikuwa wakimtega kwa makusudi, huyu anamsemesha hivi, yule vile, na yeye anamjibu kila mmoja kwa lugha yake. Nilijifanya sioni, huku nimevimba kichwa.

Mvua za mwaka huo zilipokaribia kuisha akaugua. Homa kali, shingo imekakamaa, macho hayaoni mtu. Tulilazwa Newala, akachomwa sindano mpaka mapaja yakawa magumu. Nilishaanza kumuaga moyoni. Halafu asubuhi moja akaamka, akataka ziwa, akanyonya, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu. Tuliporudi nyumbani mama alichinja jogoo. Mtoto alikuwa anayumba, anatembea hatua chache anaanguka, kama mlevi mdogo, na tukasema ni udhaifu wa ugonjwa. Hakuongea sana. Hilo nalo tukasema ni udhaifu.

Aliporudia kutembea vizuri nikamteremsha Masasi kwa baba yake.

Masasi ndiko maneno yalikoishia. Medi sikuisikia tena. Maji ikawa aji, kisha ikawa sauti tu ya kooni, mwisho ikawa kidole kinachoonyesha mtungi. Nilimwambia mume wangu, naye akasema mtoto amebadilishiwa mazingira, atazoea. Wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alikaa kwenye kochi langu akaamua kesi.

"Wifi, lugha mbili kwa kichwa kidogo vile ni mzigo. Mmemchanganya. Shikeni moja."

"Wenzake kule wanaongea mbili, wengine tatu," nilimwambia.

"Ndiyo ujue wa kwako ameshindwa."

Nilitamani kumtoa nje na chai yake. Lakini neno lile liliniingia, kwa sababu lilikuwa linanipa kitu cha kufanya. Mtu aliyekata tamaa akipewa kazi haulizi kama ina maana. Nikashika Kiswahili peke yake. Redio Kiswahili, nyimbo Kiswahili, na hata kile Chimakonde kinachonitoka nikijikwaa nikakibana. Mama yangu aliposhuka kutusalimia na kapu lake la mihogo, sikumwacha hata apumzike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu yuko wapi?"

"Yupo ndani. Ila mama, usimsemeshe Chimakonde. Wanasema ndiyo inamfunga."

Alinitazama sana. "Ntoto wangu nimsemeshe nini basi?"

"Kiswahili."

Na mama, ambaye Kiswahili chake ni cha kwenda nacho ofisini kwa mtendaji, alikaa siku zote zile akimwambia mjukuu wake "karibu kiti" na "habari za asubuhi", mikono imekunjwa mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa. Utani uliisha. Alipoondoka alisema mlangoni, "Mwanangu, nyumba yenu imekuwa kimya." Nikamjibu kwa hasira kwamba kimya kilikuwepo kabla hajaja.

Kliniki mhudumu alisema watoto wa kiume huchelewa, niwe na subira. Nilikuwa sina. Wifi akaja na la pili, kwamba ulimi umefungwa chini, akatwe udata. Tukampeleka akakatwa. Alitoka damu, akalia kwa sauti nzito iliyonyooka, ambayo sikuijua, na mimi nikaushika ulimi ule mdogo kwa kitambaa nikiwaza kwamba kesho utaongea. Kesho haukuongea, wala wiki iliyofuata.

Nilianza kuwachukia watoto wa watu. Jirani yetu ana binti aliyezaliwa nyuma ya wangu, na alikuwa akisimama kwenye uzio ananiuliza, "Unapika nini? Mbona unapika dagaa?" Nilikuwa naingia ndani nafunga mlango, mtu mzima namkimbia mtoto ambaye bado anafungwa nepi. Kisha namkalisha wangu mbele yangu, nambana mashavu kwa viganja, nasema: Mama. Sema mama. Ma-ma. Alikuwa ananitazama mdomo kwa bidii, haondoi macho, mpaka nikaona yuko karibu kabisa, bado kidogo tu. Wakati mwingine aliweka mkono kooni kwangu nikiongea, akacheka. Niliona ni mchezo. Nilimtoa mkono, nikaanza upya, Ma-ma, nikipaza sauti zaidi, mpaka machozi yananitoka na yeye ananifuta.

Nilimwomba Mungu vibaya. Nilimwambia, kama ulitaka kunyamazisha mtu, nipo mimi, na wifi yangu yupo.

Korosho zilipoanza kudondoka nikapanda Kitangari kumsaidia mama kuokota. Nilimwambia mume wangu kwamba nakwenda kwa sababu ya kazi, ila nilikuwa nakimbia uzio wa jirani. Mama alitupokea mizigo. Alimsalimia mjukuu wake kwa kile Kiswahili cha ofisini, akampa bibo, tunda la korosho, tukaenda shambani.

Mvua ya kwanza ilitukuta uani mchana. Wingu lilitokea upande wa Mnyambe, jeusi, likiwa na haraka zake. Kule juu maji yana thamani, na nyumba yenye bati ina kisima chake cha kukingia, kwa hiyo mvua ya kwanza kila mtu anajua kazi yake. Mama alikimbilia mfereji wa bati kuuelekeza pembeni, vumbi la kiangazi lioshwe kwanza kabla maji hayajaachiwa kuingia kisimani. Mimi nilikunja mkeka wa korosho tulizoanika, nikaingia nao sebuleni mbio.

Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo mlangoni, anapanga korosho mbichi mstari. Mvua ikaangukia bati kwa mara moja. Asiyeishi chini ya bati hawezi kujua kelele ile. Mnaweza kupigiana mayowe pua kwa pua msielewane. Kuku aliyekuwa ameatamia pembeni alikurupuka akapita chini ya kitanda. Mtoto akamfuata kuku kwa macho, akamshangaa, kisha akarudi kwenye mstari wake. Hakutazama juu.

Nilisimama na mkeka mikononi. Kila kiumbe hutazama juu mvua inapopiga bati. Mimi nilitazama, kuku alikimbia, na yeye alichukua korosho nyingine akaiweka.

Radi ikapasuka juu ya mnazi wa jirani. Mama akaingia amelowa, akipiga kelele, na kwa hofu ile akasahau katazo langu, akamwita kwa Chimakonde, "Mume wangu!" Hakugeuka. Nikamwita mimi, kwa Kiswahili, kwa jina lake. Hakugeuka. Nikamfikia mama sikioni nikamwambia mwite tena, akaita tena, na mimi nikaita, tukiwa nyuma yake wawili, kila mmoja na lugha yake, tukipiga kelele kama waliofiwa. Nikachukua sufuria na mwiko. Nikapiga nyuma ya kisogo chake, karibu kabisa, mpaka mwiko ukavunjika.

Alimaliza mstari wake. Ndipo akageuka kutuonyesha, akatukuta tumesimama, akacheka kwa furaha.

"Ntoto hasikii," mama alisema. Nilimwona midomo tu, mvua ilikuwa bado inapiga.

Mvua ilipotulia mama alitoka kuugeuzia mfereji kisimani, kwa sababu maji hayasubiri mtu alie. Mimi nilibaki nimempakata. Nilimnong'oneza sikioni, kwanza kwa lugha moja, kisha kwa nyingine, vitu vyote ambavyo mama humwambia mtoto, na yeye akawa anachezea kifungo cha gauni langu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa miezi. Nilimkasirikia kwa kutonijibu.

Simu ikaita. Mume wangu, sauti yake imechangamka.

"Huko mmepata mvua? Huku Masasi wingu tu, linatudanganya."

"Tumepata."

"Mbona sauti hivyo? Haya, mpe kijana nimsalimie kidogo. Labda leo ataniambia kitu."

Nilitaka kumwambia.  Nikampa mtoto simu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibandika sikioni kama anavyotuona sisi tukifanya, akatikisa kichwa, akatabasamu, akatembea nayo kidogo kama mtu mwenye shughuli. Alifanya kila kitu sawasawa. Na kutoka pale nilipokaa nilimsikia baba yake ndani ya simu akimwita, akinyamaza kumpa nafasi ya kujibu, kisha akimwita tena.