Nani Amemeza Dawa ya Bibi

Kwa miaka kumi na mmoja alilea watoto wa majirani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, nao wote walimwita Shangazi. Wazazi walimwachia chupa za uji, nepi na kadi za kliniki wakaenda kazini bila wasiwasi. Hakuwa mtu wa kutishika ovyo.

Siku hiyo walikuwa watatu: Bonge, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kila alichokiona alikitia mdomoni, Chiriku, msichana wa miaka miwili asiyefunga mdomo, na mtoto wa mwalimu, mpole, wa miaka mitatu. Mama yake Shangazi, mgonjwa wa kisukari, alikuwa amekuja kukaa naye wiki moja.

Saa tatu asubuhi Shangazi alitoka uani kuanika nepi. Dakika tano hazikuisha. Aliporudi, mkoba wa mama yake ulikuwa wazi sakafuni, vidonge vyeupe vimetapakaa mkekani. Kimoja kilikuwa kimelowa mate.

Akapiga magoti, akaanza kuviokota. "Mama, vilikuwa vingapi?"

"Kumi na viwili. Asubuhi nimekunywa kimoja."

Wakakung'uta mkeka, wakainua mito, wakawafungua watoto midomo mmoja mmoja. Walipata tisa; viwili havikuonekana.

"Nani amekula dawa ya bibi?"

"Bonge," akasema Chiriku.

Mtoto wa mwalimu akainua mkono. "Mimi." Kisha akaushusha. "Hapana."

Jirani, fundi magari, aliwapakia wote kwenye gari la mteja hata mikono hajanawa. Shangazi alibeba wawili kifuani, akiwauliza majina yao njia nzima hadi hospitalini, ili tu awasikie.

Daktari wa watoto alikitazama kile kidonge, akaacha kuandika. "Dawa hii inashusha sukari. Kwa mtoto mdogo hata kimoja ni hatari, na inaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonekana. Umefanya vizuri kuwaleta wote."

"Hakuna njia ya kujua ni nani?"

"Tutawapima kila saa. Na kusubiri."

Wazazi wakapigiwa simu. Mama yake Chiriku, fundi cherehani, alifika na utepe wa kupimia bado shingoni. Hakumsalimia Shangazi. Alimchukua mwanawe, akakaa naye kona ya mbali.

Vidole vikatobolewa saa nne, vikatobolewa saa tano. Sukari ilikuwa sawa kwa wote. Macho yote yalikuwa kwa Bonge, na Shangazi alihesabu pumzi zake mpaka akakosa zake mwenyewe.

Karibu na saa sita Chiriku alikuwa anamsimulia muuguzi habari za paka wao. Akaishia katikati ya neno. Shangazi akageuka. Jasho lilikuwa limemtoka mtoto juu ya pua.

"Daktari, huyu amenyamaza."

"Amechoka tu," mama yake akasema.

"Mwanao hachoki hivi, dada. Naomba apimwe sasa hivi."

Walipompima, muuguzi hakusema namba. Alikimbia. Walitafuta mshipa kwenye mkono mmoja, wakaukosa, wakahamia wa pili, na Chiriku hakulia. Hilo ndilo lililomkata Shangazi maini. Maji ya sukari yalipoingia, dakika zikapita, kisha macho yakafunguka.

"Mkono unauma," Chiriku akasema, akaanza kulia kwa nguvu zote. Shangazi akajikuta amekaa chini sakafuni.

Watoto wote watatu walilazwa mpaka kesho yake, na sukari ya Chiriku ilishuka tena mara mbili kabla haijatulia. Wakati wa kuondoka, mama yake alisimama mbele ya Shangazi.

"Wewe ndiye uliyemwona. Nashukuru. Lakini simrudishi kwako."

"Nimekuelewa, dada."

Bonge na mtoto wa mwalimu walirudi baada ya wiki. Mikoba ya wageni sasa inafungiwa kabatini. Ila watoto wakilala mchana, Shangazi hawezi kustahimili ule ukimya. Humwamsha kila mmoja, amsemeshe mpaka ajibu, ndipo amwache alale. Wazazi wanalalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na usingizi, wamenuna. Anawaomba radhi, na kesho yake anawaamsha tena.