Shemeji Aliyebaki Rungwe

Nilikwenda Mbeya nikiwa mke wa mtu, nikitokea kwetu Iringa, miaka ile ya hamsini. Mume wangu alikuwa Msafwa, mzaliwa wa chini ya mlima Loleza, na tulikaa kwenye kiwanja cha mama yake pamoja na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye alikuwa hajaoa. Mimi Kisafwa sikukijua, na mama mkwe hakujua Kihehe, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, kila mtu na chake cha kuombea maji. Shemeji ndiye aliyenifundisha maneno ya kwao, na alianza kwa ubaya. Alinipa neno la kumwamkia mama asubuhi, nikalisema kwa heshima zote, nimepiga na magoti, kumbe maana yake ni kwamba nina njaa. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki kumwona akicheka vile tena.

Wakati huo alikuwepo Mzungu mmoja mzee aliyewapokea wageni waliotaka kupanda milima ya kwetu. Ujanani mwake alikuwa amepanda milima ya barafu huko kwao. Wageni walipozidi akatafuta wenyeji wa kuwafundisha kazi ya kuongoza, akawachukua mume wangu na mdogo wake pamoja na wengine wachache. Hao wawili walikulia mlimani, wakikata mianzi na kutafuta asali, na mwanzoni walidhani hakuna cha kufundishwa. Jioni walirudi wakicheka: leo tumefundishwa kutembea.

Lakini kadiri siku zilivyokwenda waliacha kucheka. Walifundishwa kwenda polepole kiasi kwamba mgeni aweze kuongea huku anapanda. Walifundishwa kwamba mmoja akae mbele na mmoja akae nyuma kabisa, na yule wa nyuma asikubali mtu yeyote awe nyuma yake. Walifundishwa kutazama midomo na vidole vya watu kwenye baridi, kwa sababu mtu aliyeanza kushikwa na baridi hasemi, yeye mwenyewe hajui. Mafundo ya kamba walifanyia mazoezi kwenye nguzo ya mlango wangu, nikawa nashindwa kuufunga. Na walifundishwa kumbeba aliyeumia. Mume wangu alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kamba, kama mama afungavyo mtoto, akazunguka naye uwanja mzima, shemeji akilia kilio cha kitoto, mama mkwe ametoka jikoni anawatazama.

Kanuni kubwa ya mwalimu wao ilikuwa moja, na hata mimi niliishika kwa kuisikia. Mgeni kwanza. Umemchukua mgeni juu, basi utamshusha, mengine yote baadaye.

Safari iliyotuharibia maisha ilikuwa ya Rungwe. Wageni walikuwa Wazungu watatu, mume na mke, na kaka wa yule mke. Walipanda lori mpaka Isongole, wakalala kambini chini ya mlima, na asubuhi wakaondoka na mume wangu mbele na shemeji nyuma. Wapagazi walibaki kambini. Mimi sikuwepo. Ninayoyaandika ni yale aliyonieleza mume wangu mara moja tu, ameketi kitandani na viatu vyake miguuni.

Alisema walifika kileleni vizuri. Ukungu uliwakuta wanageuka, na nyuma ya ukungu ikaja mvua ya baridi yenye upepo. Kwenye mianzi, mahali ambapo njia inapita kando ya korongo, shemeji aliteleza. Mume wangu alimkuta chini, paja limevunjika, mfupa unaonekana kusukuma ngozi. Akamvuta mpaka chini ya mianzi iliyoinama, akalifunga lile paja kwa fimbo na kamba, kama walivyofundishwa. Alipogeuka kuwatazama wageni, yule mama midomo ilikuwa imebadilika rangi na alikuwa ameketi kwenye maji bila kujali. Mumewe alikuwa anamsemesha, hajibu. Wanaume wale wawili wasingeweza kubeba mtu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeijua njia.

"Nikamwambia nitakubeba," mume wangu alisema. "Akaniambia, na yule mama atabebwa na nani? Nikamtazama yule mama. Akaniambia, kaka, nenda. Wageni kwanza. Utanirudia."

Mume wangu alivua kabuti lake, lile koti zito la jeshi, akamvisha mdogo wake juu ya koti alilokuwa nalo. Kisha akamchukua yule mama mgongoni na kuwashusha wageni wake.

Walifika kambini giza limeingia. Aliwachukua wapagazi na machela akarudi palepale, lakini mvua ilikuwa imelifanya korongo kuwa mto, wakashindwa kuvuka mpaka kulipoanza kupambazuka. Mahali alipomwacha mdogo wake hapakuwa na mtu. Alimkuta mbele kidogo, kwa kuifuata njia ya kushuka. Alikuwa amejikokota. Kabuti lilikuwa limebaki nyuma, na koti lake pia, na shati. Alikufa akiwa kifua wazi.

Walimleta nyumbani kwa lori. Nilikuwa nachambua mboga na mama mkwe. Mume wangu alishuka, akasimama mbele ya mama yake. Mama akamtazama, akatazama nyuma yake, kwenye lori, akauliza, "Mwenzio yuko wapi?" Kisha akaliona turubai.

Kwenye msiba yule mwalimu alikuja. Alivua kofia, akakaa kwenye kigoda alichopewa, akaongea Kiswahili chake taratibu ili kila mtu asikie. Alisema mume wangu amewaokoa watu watatu na amefanya kama alivyofundishwa, na kwamba hata yeye asingefanya vinginevyo. Nadhani alikusudia kututia moyo.

Mama mkwe alimsubiri amalize. Akasema, "Na nani alimfundisha kumwacha ndugu yake?"

Mama akamgeukia mwanawe. "Mimi nilikuona. Ulimbeba hapa uwanjani. Ulizunguka naye huku unacheka."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanamke wa watu ukambeba."

"Ndiyo, mama."

Basi, hakumwuliza tena.

Lakini watu waliendelea. Waliomwosha marehemu walikuwa wamesikia kwa wapagazi kwamba alikutwa kifua wazi, na neno likatembea. Kama kweli alimwachia kabuti, mbona hakuwa nalo? Mtu gani ana baridi ya kumuua akavua nguo? Wengine walisema mume wangu alimvua ili amfunike yule mama wa Kizungu. Wengine walisema mabaya zaidi ya hayo, ambayo siyarudii. Mume wangu hakujitetea, kwa sababu na yeye hakuwa na jibu. Usiku alijigeuza kitandani, na mchana nilimkuta amesimama tu mahali, jembe mkononi. Mama mkwe alipika, akatupakulia, na chakula cha mume wangu alikiweka chini mbele yake bila kumtazama.

Tulivumilia mpaka mvua za masika zilipokwisha. Kisha tukahamia Iringa, kwa wazazi wangu. Mwalimu alimtumia mtu kumwomba arudi, akaongoze na kufundisha wengine, kwa kuwa hakuwa na mtu mzuri kama yeye. Mume wangu akamwambia yule mjumbe kwamba miguu inamsumbua. Akapata kazi ya useremala kwenye hospitali ya wamisheni, na mimi nikafua mashuka hapohapo.

Ilikuwa hapo nilipomuuliza daktari. Alikuwa ametoka nchi ya theluji, na nilikuwa nimemsikia akisimulia majira ya baridi ya kwao. Nilichukua muda mrefu kujikaza. Siku moja nikiwa nakusanya mashuka wodini nikamwuliza kama inawezekana mtu anayekufa kwa baridi avue nguo zake.

Hakushangaa. Alisema inatokea, na kwao wanaijua. Baridi ikishamzidi mtu, mwishoni mwili unamdanganya, anasikia joto kali kama yuko kwenye moto, anavua kila kitu. Mara nyingine anatambaa pia, hajui anakokwenda.

Nilimweleza mume wangu palepale karakanani, amesimama kwenye vumbi la randa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka randa chini.

"Basi mwishoni alisikia joto," akasema.

Alitoka nje akakaa kwenye mbao, na wenzake wakamwacha. Nilidhani sasa atapona. Nilikuwa kijana, nilidhani mtu anaumwa kwa sababu hajui. Alipata usingizi kidogo, hilo ni kweli, lakini uso wake ulibaki uleule.

Nilimwambia twende Mbeya tukamweleze mama. Akasema niende mimi.

Nilikwenda kwa basi, vumbi tupu, nikapita Chimala watu wanauza mchele kando ya barabara, na nilikariri njia nzima jinsi nitakavyosema. Mama mkwe alikuwa amepungua. Alinikaribisha vizuri, akaulizia wazazi wangu, akaulizia mtoto niliyekuwa nimejifungua. Nilipomaliza chai nikapiga magoti nikamweleza yote, neno kwa neno, kama daktari alivyosema. Kwamba kabuti alipewa. Kwamba alilivua mwenyewe.

Aliendelea kumenya viazi. Nilidhani hakunielewa, nikataka kurudia.

"Nimesikia," akasema. Kisha akauliza, "Wakati anavua, nani alikuwa naye?"

"Hakuna mtu, mama."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaendelea kumenya.

Asubuhi alinifungia viazi na maharage ya kwenda navyo, mzigo mkubwa kuliko nilivyoweza kubeba, akanisindikiza mpaka barabarani. Hakumtumia mwanawe salamu, na hakunikataza kumsalimu. Nilipofika Iringa mume wangu alinipokea mzigo, akauliza, "Amesemaje?"

Nilimwambia mama hajambo, na ametuma viazi. Alisubiri kama kuna lingine. Halafu akaingiza mzigo ndani, na jioni ile tukala viazi vya kwao, na mtoto akavipenda.

Mama na mwanawe hawakuonana tena. Taarifa ya msiba wa mama ilitufikia amekwisha kuzikwa.